Baa Chini ya Kitanda cha Mama

Mwenzangu wodini ndiye aliyenifungua macho. Tulikuwa tunapokezana zamu asubuhi, mimi nimevaa sare niliyoifua juzi yake na kuipiga pasi usiku, akanisogelea, akanusa bega langu. "Dada, jana mlikuwa na sherehe?" Sikuwa nimegusa nyama choma wiki nzima. Jioni nilipofika nyumbani South B nilikwenda moja kwa moja kwenye kamba ya roshani. Nikanusa mashuka ya mama, taulo, gauni lake la kulalia. Yote yalinuka mafuta yaliyodondokea makaa. Siku hiyo ndipo nilipoacha kujiambia kwamba kilichoingia chini ya nyumba yetu ni jambo dogo la majirani kuvumiliana.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote anayeishi kwenye fleti hapa Nairobi na ameanza kuona mabati yakisimamishwa pale palipokuwa maegesho. Sisi ilituchukua zaidi ya miaka miwili, na si kila tulichotaka tulikipata.

Nyumba niliinunua 2008 kwa mkopo wa Sacco. Jengo lina ghorofa nne juu ya ghorofa ya chini, nyumba kumi na sita kwa jumla, na mimi niko ghorofa ya kwanza. Chini palikuwa na nafasi kumi na nne za magari, chumba cha keateka, yaani mtunza jengo, tangi la maji na ukuta wa mita za stima. Basi. Hati niliyopewa haikuwa hatimiliki kama ya shamba. Ilikuwa hati ya ukodishaji wa muda mrefu, pamoja na hisa moja katika kampuni ya usimamizi, ambayo kila mwenye nyumba ni mwanachama wake. Hatimiliki mama ya kiwanja ilibaki kwa aliyejenga, kwa makubaliano kwamba nyumba zote zikishauzwa ataihamishia kampuni yetu. Nyumba ya mwisho iliuzwa 2010. Hatimiliki haikuhamishwa, na hakuna aliyeifuatilia. Tulikuwa tunalipa ada ya usafi na ulinzi, maji yanapanda, taa za ngazi zinawaka, tukaona mambo ni sawa.

Biashara haikuingia kwa kishindo. Mwaka 2012 keateka alihamia mtaa mwingine, chumba chake kikawa duka. Nilifurahi kwa kweli. Nikitoka zamu usiku nilipata maziwa na mkate bila kuvuka barabara, na mwenye duka alinikopesha hadi mwisho wa mwezi. Mwaka 2015 nafasi ya magari nambari moja ikazungushiwa mabati, akaingia kinyozi. Mwaka 2018 nafasi ya pili na ya tatu zikaunganishwa, ikafunguliwa buchari. Kila mara kuna mtu aliyenisimamisha kwenye ngazi na kuniuliza kwa upole, "Sista, hii haina shida, sivyo?" Nami nilijibu, "Haina shida." Hakuna aliyeniletea karatasi, na mimi sikuidai. Huo ndio upande wangu wa kosa na siuchukulii kirahisi, kwa sababu baadaye maneno yale ya ngazini yalirudi kutumiwa dhidi yangu: mbona wewe mwenyewe ulikubali?

Kisha ikaja korona. Baa za mji zikafungwa, na buchari yetu ikaanza kuuza chupa kwa dirisha la nyuma. Kafyu ilipoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, buchari ikageuka baa kamili ndani ya wiki mbili. Vikaletwa viti vya plastiki, runinga kubwa ya mpira, na spika mbili zenye kimo cha mtoto wa darasa la pili. Jiko la choma likawekwa moja kwa moja chini ya roshani yangu.

Wakati huo mama alikuwa ameletwa kutoka Voi kuja kutibiwa presha. Ana miaka sabini na minane. Chumba nilichompa kilikuwa juu ya zile spika. Kila usiku hutoa meno yake ya bandia na kuyalaza kwenye glasi ya maji kando ya kitanda, na usiku mmoja niliingia kumpima presha nikakuta meno yanagonga kioo, ti, ti, ti, yakifuata mpigo wa besi kutoka chini. Mama alikuwa macho, amekaa, ameshika rozari. "Mwanangu," akaniuliza, "hawa watu wana harusi kila siku?" Kipimo kilisoma 178 kwa 102. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi usiku, Jumanne.

Nilichukua daftari la kurasa themanini nikaandika: tarehe, saa, kipimo cha mama, muziki, madirisha yamefungwa. Kwetu manesi kuna neno tunalofundishwa tangu mwaka wa kwanza chuoni: kisichoandikwa hakikufanyika. Ukimpa mgonjwa dawa bila kuandika kwenye chati, ni kana kwamba hukumpa. Sikujua kwamba neno hilo ndilo lingeibeba kesi yetu yote. Nilifanya kwa mazoea tu.

Kwanza nilikwenda kuzungumza, kama mtu mzima anavyopaswa. Mwenye baa alikuwa kijana wa heshima, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Alisimama, akanipa kiti, akaniita mama. "Mama, nikizidisha nipigie simu tu, nitapunguza." Nilimpigia. Alipunguza. Nilipofika kitandani akaongeza. Jumapili moja alimletea mama supu ya mbuzi kwenye thamosi. Mama akainywa yote, akapangusa mdomo, akasema, "Ni kijana mzuri. Lakini halali." Mazungumzo ya namna hiyo yalikwenda miezi mitatu, na yote nimeyaandika: siku niliyopiga simu, saa, alivyojibu, muziki ulishuka dakika ngapi. Mara nyingi ulishuka kwa muda usiofika nusu saa.

Halafu majirani. Hapa ndipo wengi hukwama, na mimi nilikaribia kukwama. Kati ya nyumba kumi na sita, wenye nyumba tunaoishi humo tulikuwa saba. Tisa zilikuwa za kupangisha, na malandilodi wake wengine wako Marekani, wengine Runda, na wanachojali ni kodi kuingia. Wapangaji walinong'ona nami kwenye ngazi kwamba hawalali, watoto wanakwenda shule macho mekundu, wasichana wanazomewa wakipita getini usiku. Nikiwaambia tuandike, wananijibu, "Mama, nikitia sahihi nitaambiwa nihame." Sikuwalaumu. Anayepanga kwa mwezi hana pa kuegemea.

Mwenyekiti wa kampuni yetu ya usimamizi ndiye aliyenivunja moyo. Nilimwomba aitishe mkutano, akaahirisha mara nne. Mara ya tano nilimwuliza kwa maandishi: kodi ya duka, ya kinyozi na ya baa inaingia akaunti gani? Nilikuwa nimepekua taarifa za hesabu za miaka sita ambazo mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tatu alizihifadhi kwenye bahasha, na hakuna hata shilingi moja ya kodi ya ghorofa ya chini. Jibu lake lilikuwa fupi: ghorofa ya chini ni ya mjenzi, hatimiliki iko kwake, anaweza kuifanyia apendalo. Wengi waliposikia hivyo walinyamaza. Ukiambiwa mali ni ya mwingine unajiona mgeni hata kwako.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili. Nikalipa shilingi elfu tano kuonana na wakili saa moja, na saa hiyo moja ilikuwa na faida kuliko miezi yote niliyozungumza ngazini. Mambo aliyonieleza nayaandika kama nilivyoyaelewa mimi nesi, si mwanasheria.

Alisoma hati yangu ya ukodishaji kwa kalamu mkononi, akapiga mstari kwenye kifungu ambacho sikuwahi kukisoma: jengo lote na viwanja vyake vitatumika kwa makazi ya familia pekee, na maegesho ni kwa matumizi ya pamoja ya wenye nyumba. Mjenzi mwenyewe ametia sahihi chini yake. Kwa hiyo hatimiliki kuwa mkononi mwake haimpi ruhusa ya kugeuza maegesho kuwa baa. Akaniambia pia kwamba Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2020 inataka hati za zamani kama yangu zigeuzwe kuwa hatimiliki za sehemu, na wenye nyumba wawe shirika moja linalosimamia maeneo ya pamoja. Tuanze safari hiyo, akasema, ijapokuwa ni ndefu. Na jambo la tatu: kugeuza makazi kuwa biashara kunahitaji kibali cha kubadilisha matumizi chini ya Sheria ya Mipango ya 2019, na ombi la kibali hicho lazima litangazwe gazetini na kwenye kiwanja, ili watu wapinge. "Tafuta kama walitangaza," akaniambia. "Na usikimbilie mahakamani. Mahakama ya Mazingira na Ardhi itakuuliza kwanza ulipitia kamati ya mipango ya kaunti au hukupitia. Usipopitia watakurudisha."

Nilitoka pale nikaandika barua kwa ofisi ya mipango nikiomba nakala ya ramani ya jengo letu iliyoidhinishwa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Nilivitaja vyote viwili kwenye barua. Nilipeleka nakala mbili, moja nikaiacha, nyingine nikapigiwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Tangu siku hiyo sijapeleka barua popote bila nakala ya pili. Mtu wa mapokezi akikwambia "iache tu hapo mama, tutaishughulikia," usiondoke. Simama hadi muhuri ugonge karatasi.

Ramani ilikuja siku ya kumi na tisa. Ghorofa ya chini imeandikwa neno moja, maegesho, na nafasi zimechorwa na kupewa nambari moja hadi kumi na nne. Nilitoa nakala kumi na sita nikaingiza moja chini ya kila mlango. Usiku huo waligonga kwangu watu watano ambao hawajawahi kukanyaga sebule yangu.

Kelele nazo zina sheria yake, na hapo nilizungushwa sana. Kanuni za kelele za 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinaweka kiwango cha maeneo ya makazi usiku kuwa desibeli 35, na usiku kwa mujibu wa kanuni hizo unaanza saa mbili. Wengi wetu tunadhani mtu ana haki ya kupiga muziki hadi saa sita. Hana. Programu ya simu ilinionyesha desibeli 64 chumbani kwa mama, dirisha limefungwa. Najua simu si kipimo cha kupelekwa kwa hakimu, lakini inatosha kumwonyesha afisa kwamba anahitaji kuja na chombo chake. Ofisi ya kwanza iliniambia hilo si lao, niende ya pili. Ya pili ikanituma polisi. Polisi wakanituma kwa chifu, chifu kwa mzee wa Nyumba Kumi, na mzee wa Nyumba Kumi nikamkuta kwenye kiti cha plastiki cha baa ile ile, mbele yake sahani ya mutura. Nilirudi ofisi ya pili na Katiba mkononi, nikaifungua Jedwali la Nne, sehemu ya kaunti, ambako kudhibiti kelele na usumbufu wa umma kumeandikwa wazi kuwa kazi ya kaunti, na leseni za pombe vilevile. Sikupandisha sauti. Niliweka kidole kwenye mstari nikasubiri. Afisa alisoma, akavuta fomu.

Mwishoni mwa 2022 Gavana Johnson Sakaja alipotangaza kwamba vilabu vya usiku havitaruhusiwa tena katika makazi, majirani walinipigia simu kunipongeza, kana kwamba tumemaliza. Kwetu muziki ulishuka kwa wiki mbili, kisha ukarudi. Niliandika tarehe uliporudi.

Siku nisiyoisahau ni ya kibao. Ilikuwa Februari 2023, nimeshuka kununua tokeni kwa sababu stima imekatika, nikaenda kwenye ukuta wa mita kusoma nambari ya mita yangu kwa mwanga wa simu. Nyuma ya masanduku ya mita, pale ambapo hakuna anayepita ila panya na fundi wa stima, nikaona karatasi iliyopakwa plastiki imepigiliwa misumari minne. Ilani ya ombi la kubadilisha matumizi, kutoka makazi hadi makazi na biashara. Wenye pingamizi wawasilishe kwa maandishi ndani ya siku 14. Nilisoma tarehe mara mbili. Siku tisa zilikuwa zimeshapita.

Nilipiga picha kibao, nikapiga masanduku yaliyokificha, nikapiga njia nzima kutoka getini ili mtu aone kwamba hakionekani kutoka popote. Halafu nikapanda ngazi na kugonga milango yote. Yote. Mama alikaa sebuleni akipanga bahasha. Wakili alikuwa ameniambia pingamizi kumi zenye maneno tofauti zina uzito kuliko barua moja yenye sahihi kumi, kwa hiyo kila mmoja aliandika la kwake. Mama Pacha wa ghorofa ya pili aliandika kuhusu wanawe wanaokaribia mtihani. Mwalimu aliandika kuhusu gari lake, ambalo hulala barabarani tangu nafasi yake nambari tatu ifungwe na kwa mwaka mmoja limeibiwa vioo vya pembeni mara mbili. Mpangaji mmoja aliyekuwa ameniambia haweki sahihi kamwe alikuja saa nne usiku na karatasi iliyokunjwa mara nne, ameandika kuhusu maji taka. Hilo wote tulilijua: mafuta ya jikoni yalikuwa yanamiminwa kwenye shimo la choo cha keateka, yakaganda, na kila mwezi maji machafu yakafurika hadi mlango wa ngazi. Nilipiga hatua nyuma kidogo niliposoma barua yake, kwa sababu aliandika kwamba mtoto wake alitambaa kwenye maji yale. Hakuwahi kuniambia.

Barua kumi na moja. Nilizipeleka siku ya kumi na tatu, nikitokea zamu ya usiku, kila moja na nakala yake, muhuri mara kumi na moja.

Mwezi wa nne ombi likakataliwa. Sababu zilizotajwa ni maegesho na mfumo wa maji taka. Mjenzi alikuwa na siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati, hakukata. Tulipika pilau kwenye paa siku hiyo, wapangaji na wenye nyumba pamoja, mara ya kwanza tangu 2008. Usiku wa manane, tukiwa tunaosha masufuria, muziki ukawaka chini.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba barua ya kukataa haifungi mlango wa mtu. Inakupa tu kitu cha kushika unapodai mlango ufungwe. Kanjo, yaani askari wa kaunti, walikuja na ilani ya utekelezaji, wakapaka alama nyekundu ya X kwenye mabati. Kesho yake X ilikuwa imepakwa rangi ya kijani. Walikuja tena mwezi wa sita, ikawa vile vile. Majirani walianza kuchoka, na mimi vilevile. Kuna wiki nzima kwenye daftari haina hata mstari mmoja, nililala tu.

Mwenye wazo la leseni ya pombe alikuwa kijana wa Mwalimu, mwanafunzi wa upimaji ardhi. Leseni ya pombe ni ya mwaka mmoja, na kila inapoombwa upya pingamizi linaweza kupelekwa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 inakataza leseni kwa mahali palipo chini ya mita 300 kutoka chekechea, shule ya msingi au sekondari. Chekechea ya mtaa wetu iko kwenye kona. Tumeiona kila siku, tukapita. Jumamosi asubuhi yule kijana alileta futi kamba ya mita hamsini, nami nikashika ncha ya kwanza kwenye geti letu. Akawa anatembea, anaweka chaki, ananiita, nasogea. Mama mboga wa pale kona akatuuliza kama barabara inapanuliwa. Mara ya tatu kamba haikuisha: geti la chekechea lilikuwa mita 138. Tulipima tena tukirudi ili tuwe na hakika. Sheria hiyo hiyo inasema baa siku za kazi ifunguliwe saa kumi na moja jioni na kufungwa saa tano usiku. Daftari langu lilikuwa na siku 211 ambazo ilipita saa tano.

Tulipeleka vyote kwa kamati ya leseni za pombe: mchoro wa kijana uliotiwa vipimo, barua ya kukataliwa kwa ombi, picha za X ya nyekundu na ya kijani, na nakala ya daftari kurasa sitini na mbili. Mwanakamati mmoja alilipekua akaniuliza kazi yangu. Nilipomwambia ni nesi akatikisa kichwa, akaendelea kusoma.

Leseni haikutolewa upya. Januari 2024 spika zilitolewa kwa mkokoteni.

Nilidhani nitacheka. Asubuhi ile alikuja mlangoni binti aliyekuwa mhudumu pale, msichana wa mtaa wa mabanda wa Mukuru, miaka ishirini na miwili hivi. Huyu ndiye aliyekuwa akimbebea mama mtungi wa maji ngazini kila bomba lilipokauka nami niko kazini. Hakuomba chochote. Alikuja kuchukua mwavuli wake alioazimisha kwetu. Akasema, "Mama, wewe umepata usingizi. Mimi je?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Nilimpigia simu rafiki yangu mwenye mgahawa Nairobi West, akamchukua kwa majaribio mwezi mmoja, kisha hakuendelea. Simu yake sasa haipatikani. Ninayeandika haya ni yule yule aliyepigania baa ifungwe, na ningepigana tena, lakini uso wa binti yule umo ndani ya daftari langu sawa na vipimo vya presha.

Kinyozi na duka tuliwaacha. Tulikaa mkutano, safari hii wenye nyumba kumi na wanne wakahudhuria, wengine kwa simu kutoka ng'ambo, tukachagua wakurugenzi wapya. Wengine walitaka kila bati ling'olewe siku hiyo hiyo. Mimi nilisema hapana. Kinyozi hafungui muziki, na mwenye duka amenikopesha maziwa miaka kumi. Lakini sasa wana mkataba wa maandishi, kodi inaingia akaunti ya wote, na mkataba unasema wazi kwamba wao si wapangaji wa mjenzi, na kwamba siku tukipata hatimiliki zetu za sehemu suala lao litaamuliwa na mkutano. Mwalimu alinikasirikia kwa hilo, kwa sababu kinyozi amekaa kwenye nafasi ambayo ingeweza kuwa ya gari la mtu. Ana haki ya kukasirika.

Mama amerudi Voi, presha imetulia. Meno ameyasahau kwangu mara moja, nikayatuma kwa basi.

Mabati ya nafasi nambari mbili na tatu bado yamesimama, yamefungwa kufuli ya mjenzi, ndani mna lile jiko la choma limepata kutu. Barua ya kudai yaondolewe niliipeleka Jumatatu iliyopita. Nakala yangu ina muhuri.